Buni Iliyokaa Tumboni

Nitasema mahali penyewe mara moja, halafu tusisumbuane tena. Ni njia ya haja kubwa, ndani, kama urefu wa kidole. Hapo ndipo maumivu yalipokuwa yananikamata. Ukitaka kucheka, cheka sasa. Mimi mwenyewe nimecheka sana uzeeni, lakini miaka ile sikucheka hata kidogo. Niliogopa. Niliogopa kukaa, nikaogopa kusimama, nikaogopa kwenda chooni na nikaogopa kutoka.

Mara ya kwanza ilikuwa asubuhi, msimu wa kuchuma kahawa, kwenye kibanja changu, yaani shamba langu la migomba na kahawa, huku Kiruruma. Nilikuwa nimevuta tawi kwa kijiti chenye ndoana, kikapu kiunoni, mke wangu yuko mti wa pili ananisimulia habari za mbuzi wa jirani. Sikuwa nimekula kitu kibaya. Sikuwa nimeinua kitu kizito. Ghafla, pale mahali, kitu kikakaza. Hakikuchoma wala hakikukata. Kilikaza tu, kama mtu amefunga fundo ndani yangu na bado anaivuta kamba. Nikaachia tawi. Jasho likanitoka usoni, masikio yakavuma, nikakumbatia shina la mti nikashindwa hata kuita.

Mke wangu akageuka. "Baba, una nini?"

"Nyoka," nikasema, kwa kuwa ndilo neno pekee lililonijia kinywani.

Maskini, akashika panga akaanza kufyeka majani chini ya miti huku akipiga kelele, nyoka yuko wapi, mweusi au wa kijani, amekuuma au amekutemea. Alipofika mti wa nne yale maumivu yakaondoka. Hayakupungua polepole kama maumivu ya watu. Yaliondoka yote kwa mara moja. Nikaenda nyuma ya migomba nikajikagua: hakuna damu, hakuna uvimbe, hakuna kitu. Nilikuwa mzima kabisa. Nikarudi nikamwambia mke wangu nyoka amekwenda zake.

Siku ile sikuchuma tena. Maana mimi nilijua kilichonikamata. Nilijua hata siku kilipoingia tumboni mwangu.

Wasiokuwa wa huku niwaeleze. Zamani zetu, watu wawili wakipendana kweli walikula omukago. Mnakaa kwenye mkeka, magoti yanagusana. Mzee wa ukoo anawachanja chini ya kitovu, kidogo tu, damu itoke. Tunda la kahawa huwa na buni mbili ndani. Mnaligawana, kila mmoja anaipaka buni yake damu yake, anaiweka kiganjani, mwenzake anaichukua kwa midomo na kuimeza bila kuitafuna. Tangu hapo huyo ni munywani wako, na amekuwa karibu kuliko mtoto wa mama yako. Mimi nilikula na kijana wa kilima chetu, tukiwa bado hatuna ndevu za maana. Padri alikuwa amekataza mambo hayo, nasi tulikwenda kula siku ya Jumatatu, tukiwa tumetoka kuungama Jumamosi. Maneno ya kiapo nayakumbuka yote. Ukinificha nitakuficha. Ukinilisha nitakulisha. Ukiniuza, buni hii ivimbe tumboni mwako, itafute pa kutokea.

Itafute pa kutokea! Sasa niambie wewe, mtu aliyesikia maneno hayo kwa masikio yake, halafu akakamatwa pale mahali, angefikiri nini?

Kwa sababu nilikuwa nimemuuza. Ilikuwa wakati wa ile vita ya pili. Serikali ilitaka vijana wa kupeleka jeshini, na kila kilima kilipewa idadi yake. Kilima chetu kilitakiwa kutoa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa munywani wangu. Akajificha. Kaka yake, ambaye alikuwa na kibanja jirani na changu, alimficha kwenye shimo la kuivishia ndizi za pombe. Shimo lenyewe huchimbwa refu, likatandikwa majani makavu ya mgomba, ndizi zikapangwa na kufukiwa. Safari hii halikuwekwa ndizi. Waliojua walikuwa kaka yake na mimi, basi.

Mkungu, yaani mkuu wa kijiji chetu, alikuja kwangu na tarishi wake. Hakunitisha kwa kelele. Alikaa, akaomba maji, akanywa, akaniangalia kuanzia mabegani mpaka miguuni.

"Kijana," akasema, "wakubwa wanataka mtu mmoja. Nisipompata yule nitachukua mwingine. Naona wewe una afya."

Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza. Alikuwa mlangoni pale, kashika ungo, anasikiliza. Mimi sikufungua kinywa. Nilielekeza kidevu upande wa kibanja cha kaka wa munywani wangu, pale penye majani makavu yaliyorundikwa. Mkungu akarudisha kibuyu, akashukuru kwa maji, akaondoka. Miezi mingapi nilijiambia kwamba sikusema neno hata moja! Kwamba kidevu si mdomo. Lakini buni ilikuwa tumboni, haikuwa inahukumu kesi kwa maneno.

Walimtoa shimoni wakampeleka. Sikwenda kuangalia. Yalipita mavuno ya maharage, ikaja kahawa, ndiyo asubuhi ile ya nyoka.

Baada ya hapo yalikuja yalivyotaka. Yaliweza kuniacha miezi miwili, nikaanza kunenepa, halafu yakaja mara mbili kwa juma moja. Yalikuja alfajiri nikiwa naamka. Yalikuja nikiwa nakojoa. Siku moja yalikuja kanisani, wakati watu wanasimama kwa Injili, nami nikabaki nimepiga magoti, kipaji cha uso kimelala kwenye benchi la mbele, machozi yananitiririka. Katekista akaja kunishika bega baada ya misa akasema Mungu ameigusa roho yangu. Nikamwambia ndiyo, ameigusa.

Lakini pale benchi ndipo nilipojifunza kitu. Nikipiga magoti, nikainamisha kichwa mpaka chini na kuacha makalio juu, fundo lilikuwa linalegea upesi zaidi. Nikafanya hivyo popote yaliponikuta: shambani, njiani, nyuma ya ghala. Niliweka mkono mdomoni nikauma, nikahesabu pumzi. Moja, mbili, tatu. Mara nyingi nilifika mia na hamsini. Siku nyingine mia nne. Kila hesabu nilikuwa nasubiri kitu kipasuke ndani, damu ije, nife pale pale nimeinama kama mtu anayetafuta sindano, na watu waje wanikute hivyo. Aibu ya kukutwa hivyo iliniogopesha karibu sawa na kifo chenyewe.

Na chooni nilifanya nini? Basi niseme, maana nimeshaanza. Nilikuwa nachukua kijiti nikachunguza. Nilikuwa naitafuta ile buni. Mtu mzima, mwenye mke na mtoto, nimechuchumaa na kijiti kila siku ya Mungu, natafuta punje ya kahawa niliyoimeza miaka sita iliyopita. Nikikosa nilisikitika. Siku moja niliona kitu cheusi nikapiga ukelele wa furaha, kumbe mbegu ya boga.

Kahawa sikuitafuna tena. Huku kwetu ukifika kwa mtu, kabla ya jambo lolote unaletewa buni zilizochemshwa na kukaushwa, kwenye kikapu kidogo, uchukue mbili tatu utafune. Kukataa ni kumwambia mwenye nyumba kwamba unamshuku. Mimi nilikuwa nikiona kikapu kile, mahali pale panajibana penyewe. Nikaanza kusema nina jino bovu. Jino likauma mwaka, likauma miaka miwili. Shemeji yangu mmoja akanifokea mbele ya watu, "Jino gani hilo linalotafuna mahindi ya kuchoma lisitafune kahawa yangu? Sema tu kwamba unatuona wachawi!" Nikaacha kwenda kwa watu.

Mke wangu alikuwa ameshaona. Huwezi kulala na mtu kitanda kimoja ukamficha jambo kama hilo. Nilimwambia nusu yake: kwamba nakamatwa huko nyuma, na kwamba sijui kwa nini. Sikumwambia habari ya buni, ingawa kidevu changu alikuwa amekiona kwa macho yake. Hakuuliza. Akaanza kunichemshia maji na kuniwekea kwenye karai, nikalie. Loo, yale maji! Yalikuwa yananilegeza mpaka natamani kulia. Alisimama mlangoni akicheka kimya kimya. "Karai la kumwogeshea mtoto," akasema, "limepata mtoto mwenye ndevu." Nikamfukuza. Lakini mwenyewe nilicheka kidogo, na wakati nacheka nikakumbuka kwamba nitakufa.

Alinipeleka kwa bibi mmoja wa dawa. Bibi akanilaza ubavu, akachukua kibuyu chenye shingo ndefu, akanitia maji ya uvuguvugu yaliyochanganywa na majani machungu ya omubirizi, huko huko. Nikiwa nimelala vile akaniuliza, "Uliapa nini, mwanangu?" Nikafumba macho. "Mimi naosha utumbo," akasema, "kiapo sikioshi." Nilikaa miezi mitatu bila kukamatwa. Siku ya kukamatwa tena nilikuwa juu ya mti, napunguza matawi. Nilishuka kwa kuanguka.

Halafu nikaenda kwa dresa wa zahanati ya serikali, mwendo wa nusu siku. Alikuwa mtu wa Bukoba, mkali, viatu vimepigwa rangi. Nikamwamkia shikamoo ingawa nilimzidi umri, kwa woga tu. Akanipima kwa kidole, nikatazama ukuta. Akanawa mikono muda mrefu, mpaka nikajua ameona kitu kibaya.

"Hakuna kitu," akasema.

"Dresa, nakufa."

"Umewahi kukamatwa na mkakamao kwenye shavu la mguu? Ukiwa umelala, msuli unajikunja, unaruka?"

"Ndiyo."

"Huko nako kuna msuli. Ndio unaofunga choo. Wako unakakamaa. Ukija, kalia maji ya moto, pumua taratibu, usikaze. Utapita. Hauui."

"Na unaletwa na nini?"

Akanitazama. Nafikiri alitaka kunidanganya akaona haya. "Sijui," akasema. "Wanaonizidi nao hawajui."

Alikuwa mkweli, Mungu ambariki, na ukweli wake ukaniharibia kila kitu. Angesema ni minyoo ningemwamini. Nilirudi nyumbani nikijisemea njia nzima: mtu asiyejua kilikotoka anajuaje hakiui? Yeye hajui. Mimi najua.

Vita ikaisha. Munywani wangu akarudi. Alirudi na kabuti la jeshi na viatu, mwembamba, anakohoa, na alipoingia uwanjani kwangu alitupa mfuko chini akanikumbatia mbele ya mke wangu na watoto wawili asiowajua. "Munywani!" akasema. "Munywani wangu!" Nilihisi mifupa yake. Nikasubiri mahali pale pajifunge. Hapakujifunga. Nikaogopa zaidi, nikaona buni inasubiri wakati wake.

Kwa kaka yake hakukanyaga. Walikuwa wametenganishwa na mstari wa mimea ya mpaka, na hakuvuka. Watu wakasema ni mambo ya kibanja, kwamba kaka alikuwa amesogeza mpaka wakati mdogo yuko vitani. Mimi nikakubali hivyo. Munywani wangu hakukaa sana, akahamia Nkwenda, akapata kazi ya kulinda ghala la wanunuzi wa kahawa.

Siku moja kaka yake alikuja kwangu. Alikuwa mtu wa polepole, haongei sana. Alikaa kwenye kigoda, akazungusha fimbo yake.

"Wewe anakusikiliza," akasema. "Mwambie mimi sijamfanya kitu."

Nikamjibu nitamwambia. Akasema ahsante, waitu, neno letu la heshima. Akaja tena mwezi uliofuata kuuliza kama nimemwambia. Nikasema bado sijapata nafasi ya kufika Nkwenda. Nilikuwa nimefika Nkwenda mara mbili.

Unajua kwa nini sikumwambia? Niliogopa kufungua habari yoyote ya siku zile. Nilikuwa nawaza tumbo langu. Nilijiambia ni mpaka wa kibanja, ndugu wanagombana kila mahali, watapatana. Msimu wa mvua uliofuata yule kaka aliugua homa, siku tisa, akafa. Tulimzika kwenye migomba yake. Ujumbe ulipelekwa Nkwenda. Mdogo wake akajibu kwamba ghala haliwezi kuachwa. Kwetu hilo ni neno kubwa. Wazee walitazamana. Mimi nilikuwa nimeshika jembe, na wakati tunafukia maumivu yakaja, makali kuliko yote. Nilipiga magoti kwenye udongo wa kaburi, watu wakasema jirani huyu alimpenda kweli.

Juma lile yalikuja mara tatu. Ya tatu yalinikuta nimembeba binti yangu mdogo mgongoni, navuka mfereji. Nilipiga magoti majini naye yuko mgongoni, anacheka, anadhani ni mchezo, ananipiga mabegani niondoke kama ng'ombe. Nilihesabu hadi mia sita. Nikafikiri: leo ni leo. Nitaanguka kifudifudi, naye atabaki mgongoni mwa maiti kwenye maji.

Nilipofika nyumbani mke wangu alinivua nguo zilizolowa. Alipomaliza akasema, "Nenda Nkwenda."

"Kufanya nini?"

"Baba, mimi nilikuwa mlangoni siku ile. Nilikuwa na ungo mkononi."

Kwa hiyo nilikwenda. Nieleze hofu yangu ilivyokuwa, isije ikaonekana nilikwenda kama mtu mwema. Kiapo kilivyo, ukimuuza munywani wako, kinachoweza kukuponya ni yeye mwenyewe kukusikia kwa mdomo wako na kukuachilia. Nilikwenda kutafuta dawa. Nilijua pengine atanipiga. Nilijua pengine nitampoteza, na nilikuwa nampenda. Sikuwa na rafiki mwingine, kwa sababu ya kahawa. Lakini kati ya kumpoteza na kufa nimeinama, nilichagua kumpoteza.

Nilimkuta amekaa mbele ya ghala, juu ya gunia, anashona soli ya kiatu. Akafurahi. Akaniletea ndizi za kuchoma. Sikuzigusa. Nikasema yote kwa mara moja, nikitazama kiatu: mkungu, maji, mimba, kidevu. Halafu nikasema habari ya maumivu, mahali penyewe, miaka yote, na kijiti pia. Nikasema, "Niachilie, munywani. Buni inaniua."

Sindano ilikuwa imebaki katikati ya ngozi.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

"Kaka alijua kwamba ni wewe?"

"Sidhani."

"Alinijia pale ghalani," akasema, akionyesha mlango. "Mara nne. Kwa miguu kutoka Kiruruma. Alisimama pale anaapa si yeye. Waliojua shimo walikuwa wawili. Mmoja ni yeye. Mwingine amekula damu yangu. Mimi ningemshuku nani?"

Naapa kwamba mpaka dakika ile sikuwa nimeifanya hesabu hiyo ndogo. Miaka yote nimejichungulia tumbo, na hesabu yenyewe ni ya watu wawili, ukimtoa mmoja anabaki mmoja. Au niliijua. Siku hizi nafikiri niliijua tangu siku alipokuja na fimbo yake kukaa kwenye kigoda changu.

"Umeachiliwa," akasema munywani wangu. Alilisema upesi, kama mtu anayefukuza kuku. "Tumbo lako liachiliwe. Nenda. Jumapili baada ya misa nitakuja kwenye kibanja cha kaka. Unisubiri hapo."

"Kufanya nini?"

Akarudi kwenye kiatu chake.

Nikaondoka. Nilikuwa sijafika hata nusu ya njia, jua liko juu, yakanikamata. Pale pale, vile vile, fundo lile lile. Nilipiga magoti kando ya njia kwenye nyasi, kichwa chini, na nikaanza kuhesabu, na kwa mara ya kwanza nilihesabu bila kusubiri kifo. Nilikuwa nimeshaachiliwa kwa mdomo wake, na bado yamekuja. Kwa hiyo dresa alisema kweli. Ni msuli. Ulikuwa unakakamaa tu, bila sababu, bila kumjua mkungu wala kidevu changu. Nilifika mia moja na kumi yakaondoka.

Unadhani nilifurahi? Nilikaa kwenye nyasi nikaona baridi mwilini mchana kweupe. Hakuna mtu aliyekuwa ananiadhibu. Hakuna aliyekuwa ameniona. Ningeweza kunyamaza mpaka uzee, nikakalia maji ya moto, nikafa siku yangu kama watu wengine, na lile la kaka yake lisingenigusa popote. Hofu niliyokuwa nayo miaka yote ilikuwa na mahali, ningeweza kupaonyesha kwa kidole kama dresa. Hii mpya haikuwa na mahali.

Jumapili ingewezekana nisiende. Nani angenilazimisha? Mke wangu alinitazama nikivaa, akanifunga kifungo cha shingo, akasema nitakuta maji ya moto nikirudi.

Munywani wangu alikuwa ameshafika. Alikuwa amevua viatu, amevishika mkononi, amesimama kati ya migomba kwenye kaburi la kaka yake. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuliona. Nyasi zilikuwa zimeanza kuota juu, akazing'oa kadhaa, kisha akaacha. Sikujua nisimame wapi. Nikamwamkia, hakuitikia.

"Mwambie," akasema.

"Nimekwambia wewe."

"Mimi ulinifanya askari. Nimerudi, nina kabuti, nakohoa, yamekwisha. Mwambie yeye."

Nikapiga magoti. Sikuwa na maumivu yoyote siku hiyo. Nikasema, "Ni mimi niliyeonyesha shimo. Si wewe. Ulinituma mara mbili nimwambie mdogo wako, nikanyamaza." Sauti ilikuwa ndogo.

Munywani wangu alikuwa analia. Alijifuta kwa mkono ulioshika viatu.

"Sema kwa nguvu," akasema. "Sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii vizuri."

Nikazunguka nikaenda upande wa kulia, nikasema tena kwa sauti.